Nguo za Waliofungiwa

Tarehe 3 Machi

Mvua imeshuka leo asubuhi, na mwanangu naye ameanza kazi yake siku hiyo hiyo. Naandika kwa ajili ya presha. Nesi mmoja wa zahanati, binti mwenye adabu sana, aliniambia, "Mama, wasiwasi ukija usiutafune. Uandike, ufunge daftari, uende jikoni." Mwandiko wangu ni wa darasa la tano lakini unasomeka, na wasiwasi ninao wa kutosha.

Wenyewe ni huu. Mwanangu wa kwanza, binti yangu, anatengeneza filamu ya kutisha. Watu wanne wasiojuana wanazinduka wakiwa wamefungiwa ndani ya ghala. Dirisha hakuna, mlango hauna kitasa kwa ndani, na kuna kitu kimetoka huko kwenye nyota kinawachunguza, kama mtu anavyochunguza kuku aliowanunua. Ghala lenyewe ni la kweli, lile la nafaka mwisho wa barabara yetu. Wakati wa mvua huwa tupu. Mwenye ghala amempa ufunguo mpaka gunia la kwanza la mavuno lifike. Baada ya hapo kila mtu nje.

Mwaka juzi alianza filamu nyingine ikamfia mkononi. Waigizaji walitawanyika, yeye akarudi nyumbani akalala akautazama ukuta, kiangazi kizima. Nilikuwa namlisha na kumvisha, mtu mzima yule, na hasemi neno. Sitaki kuuona tena mgongo wake namna ile. Kwa hiyo nimeshaamua. Hii iwe nzuri, iwe mbaya, lakini itaisha. Mimi nitawapikia wote mpaka iishe.

Tarehe 5 Machi

Nimewaona waliofungiwa.

Wa kwanza nilimjua: ni yule nesi wangu! "Shikamoo mama, umeandika?" Nikamwambia nimeandika. Moyo wangu umetulia kwa sababu yake. Laiti mwanangu angekuwa na rafiki kama huyu.

Wa pili ni Mwalimu, mzee aliyestaafu kufundisha hesabu. Anatembea na mwavuli hata ndani ya ghala, na kwa jinsi paa linavyovuja simlaumu. Wa tatu ni Dereva wa lori, mnene, mpole. Mavuno yakiwa bado hana kazi, ndiyo maana amekubali kuigiza. Akiambiwa alale kama aliyezimia analala kweli, na kukoroma juu.

Wa nne ni Kinyozi. Huyo simpendi. Ana nge kachorwa shingoni, anaburuta viatu, na kila neno kwake mzaha. Alinipokea sufuria akasema, "Mama Bosi, chakula kikiwa kitamu hivi tutakataa kuokolewa." Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka. Mtu wa mzaha ndiye wa kwanza kuondoka mambo yakiharibika, nimewaona wengi.

Bosi ndiye mwanangu. Wanamwita hivyo, naye anaitika! Msaidizi wake ni Fundi umeme, kijana wa maneno machache. Ametengeneza taa ya kijani ya hicho kitu cha kwenye nyota kwa kukata ndoo ya plastiki na kuifunika balbu. Ndoo yangu.

Nilipokuwa nakusanya sahani nimeuliza, "Hawa watu wamefungiwa siku ngapi?"

"Wiki nzima, Mama."

"Na wanakula nini?"

"Mama, ni filamu."

"Najua ni filamu. Si nimeuliza tu wanakula nini."

Mwalimu akasema, "Hoja ya mama ina mashiko." Mwanangu akanitazama lile jicho la nenda jikoni. Nikaenda.

Tarehe 6 Machi

Mvua.

Tarehe 7 Machi

Mvua. Hawakurekodi hata neno. Bati likipigwa hivi, mtu akipiga kelele sikioni mwako unaona mdomo tu.

Tarehe 11 Machi

Sasa nimewaelewa wanavyofanya. Mvua ikinyesha wanarekodi mambo ya kimya: mtu kutambaa, mtu kupapasa mlango, Mwalimu kuhesabu mabati. Mambo ya kusema yanangoja. Leo walikuwa wanakula, vijiko mkononi, masikio juu. Mvua ikakatika ghafla. Sahani zikawekwa chini zote kwa pamoja, wakakimbia kila mtu mahali pake, na mwanangu akasema "Kimya!" na kweli kukawa kimya. Nimeona watu wakikimbia mvua maisha yangu yote. Kuukimbilia ukimya nimeona leo.

Nesi analia vizuri. Analia mpaka nami nikajifuta. Kinyozi alisahau maneno yake, akatunga mengine, mwanangu akasema yake ni mazuri zaidi. Sijui.

Tarehe 14 Machi

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, amekuja kunitazama nikimenya viazi. "Wifi, hivi ni kweli? Mtoto wa kaka yangu kasoma kote kule, anafungia watu ghalani?"

"Anatengeneza filamu."

"Filamu ina magari, ina majumba. Hii ina Dereva anakoroma. Mtaa mzima unacheka."

Nimemwambia mtaa ukimaliza kucheka uje uoshe sufuria. Amekasirika, lakini amebaki akamenya.

Tarehe 18 Machi

Leo hawakurekodi, Fundi alikwenda kutafuta waya. Nimekwenda ghalani kuchukua vyombo nikazikuta nguo zao za kuigizia zimetundikwa kwenye misumari. Jamani! Gauni la Nesi, binti wa watu, lina oili kifuani. Suruali ya Mwalimu imeota ukungu. Shati la Kinyozi mkono umechanika mpaka begani. Na wao wanazivaa kila siku bila kulalamika, wanamwonea mwanangu haya.

Jua nalo limetoka. Nikasema hii ni bahati. Nimezibeba zote, nimefua, nimeanika, nimepiga pasi. Oili ilikuwa ngumu lakini imekubali. Mkono wa shati nimeushona ukawa kama haujawahi kuchanika. Hata huyo Kinyozi nimemfanyia. Nimezirudisha ghalani zimekunjwa, zinanukia sabuni. Kesho watafurahi.

Tarehe 19 Machi

Hawakufurahi.

Nilifika na chai nikakuta wamezizunguka nguo kama watu wanaotazama ajali. Hakuna aliyezigusa. Nikasema kwa furaha yangu yote, "Vaeni basi!" Fundi ndiye aliyenieleza, polepole, ananionea huruma. Kumbe filamu hairekodiwi kwa mpangilio wa hadithi. Leo wanarekodi siku ya nne, kesho ya pili, keshokutwa ya tano. Uchafu ndio unaomwambia mtazamaji leo ni siku gani. Hiyo oili ilipakwa kwa mkono, kidogo kidogo. Ule mkono ulichanika mlangoni, siku ya tatu, mbele ya kamera. Na nusu ya filamu wameshairekodi na uchafu ule ule. Mtu hawezi kufungua mlango akiwa mchafu akatokea upande wa pili amepigwa pasi.

"Tuzichafue tena," nikasema. "Nitazichafua mimi mwenyewe, sasa hivi."

"Haitalingana, mama," akasema Mwalimu. "Doa halirudi mahali pake."

Mwanangu alikuwa ameshika lile shati. Anapitisha kidole kwenye mshono wangu, anautafuta mpasuko. Hakunigombeza. Bora angenigombeza. Aliliweka chini, akavua kamera shingoni akampa Fundi, akatoka na mvua inanyesha. Nilimfuata na mwavuli wa Mwalimu. Alitembea kama simo.

Amefika, amelala. Uso ukutani.

Tarehe 20 Machi

Amelala. Nimempelekea chai imepoa. Nimempelekea nyingine.

Tarehe 21 Machi

Amelala. Nesi ametuma ujumbe kwamba ana zamu. Mwalimu ametuma salamu. Dereva amekuja mpaka mlangoni, akasimama, akasema "Pole na yote," akaondoka. Ni mimi niliyeiua. Mwaka juzi walikuwa watu baki. Safari hii ni mikono yangu na kipande cha sabuni.

Lakini sijasema nimeshindwa. Mkate atakula, hata kama ni tonge moja moja.

Tarehe 22 Machi

Amekuja ambaye sikumtarajia.

Nilikuwa uani nikasikia viatu vinaburutwa. Kinyozi! Mkononi ana lile shati lake, limekunjwa vilevile nilivyolikunja. "Hodi Mama Bosi. Yupo?" Nikamwambia yupo ila hayupo. Akaingia mpaka chumbani kwa mwanangu bila kuogopa, akaketi sakafuni, akaanza kuongea na mgongo wake.

"Bosi, nimekuja kulalamika. Hili shati limeninyima usingizi."

Akalikunjua shati magotini.

"Nimelitundika kwangu nikalitazama. Nikasema, hebu fikiria. Mimi ni mtu nimefungiwa. Mlango hauna kitasa. Nimelala na shati langu lina oili, limechanika, nanuka kama beberu. Nazinduka, shati limefuliwa. Limeshonwa. Limepigwa pasi, na liko mwilini mwangu. Halafu naangalia wenzangu, wote hivyo hivyo. Bosi, mimi nisingengoja hicho kitu chako kije kunila. Ningekufa kwa hofu palepale. Maana nani alinivua?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe.

Mgongo ukageuka. Macho ya mwanangu yamevimba lakini yamo. Akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Sema tena hiyo ya mwisho."

"Nani alinivua?"

Akaketi. Akasema, "Kilichorekodiwa chote ni kabla. Hatugusi kitu. Wanalala wachafu, wanazinduka safi." Kisha akaniona. "Mama, nguo zote ulizirudisha?"

"Zote."

"Usizifue tena."

"Sizigusi hata kwa kijiti!"

Kinyozi akacheka, akaniomba chai. Nimempa na mkate wote uliobaki. Nilimhukumu kwa nge. Nge ni wino tu.

Tarehe 24 Machi

Wamerudi ghalani wote. Wamerekodi kuzinduka. Mvua ilikatika saa nzuri, na Nesi alipojitazama kifua akaona doa limetoka, hakulia wala kupiga kelele. Alinusa mkono wa gauni lake taratibu. Nywele zangu zilisimama, na sabuni ni yangu mwenyewe!

Tarehe 30 Machi

Mvua. Wamebadilisha hadithi nusu nzima. Sasa hicho kitu hakiwali watu. Kinawatunza. Kinawaletea chakula wakiwa wamelala (hatimaye!), kinawachana nywele, kinawakata kucha. Wakijaribu kuvunja mlango, wanazinduka vidonda vyao vimefungwa vitambaa safi. Mwalimu anasema hii inamtisha zaidi kuliko kuliwa, kwa sababu mlaji hushiba.

Tarehe 4 Aprili

Mvua. Mvua. Mafuta ya jiko yameniishia katikati ya viazi.

Tarehe 9 Aprili

Leo ni siku ya kuandika kirefu.

Mwanangu anataka mikono ionekane. Si uso, si mwili, mikono tu, ikikunja nguo pembeni ya watu waliolala. Wamemfunika Fundi turubai la kijivu, wamempaka majivu mikononi, wamewasha taa ya ndoo. Fundi akakunja shati. Jamani, alikunja kama mtu anayefunga samaki kwenye gazeti. Dereva aliyetakiwa kuwa amezimia akacheka mpaka tumbo likaruka. Wakamjaribu Mwalimu, akakunja kwa hesabu, pembe kwa pembe, kila mara anasimama kufikiri. Mwanangu akageuka polepole akanitazama. Nilikuwa na mwiko.

"Mama, njoo."

"Mimi? Niwe jini?"

"Mikono tu."

"Mtaa utasema nini? Wifi yangu atasema nini?"

Kinyozi akiwa amelala akasema bila kufumbua macho, "Mama Bosi, sisi tumelala, hatujui ni nani."

Nikaweka mwiko chini. Nilisema itaisha, na haikunishinda kupika, itanishindaje kukunja? Nikaingia kwenye turubai. Linanuka panya. Mwanangu akapiga magoti akanipaka majivu vidole kimoja kimoja, kichwa chake karibu na changu, akasema kwa sauti ya chini, wengine wasisikie:

"Fanya kama ulivyokuwa unanifanyia mwaka juzi."

Sikuelewa. Nikamwambia, mwaka juzi nilikuwa nakutunza.

"Ndiyo. Fanya hivyo."

"Na hii ni filamu ya kutisha."

Akaacha kupaka. "Mama, ulikuwa unanivisha, mimi ndani nataka kupiga kelele, na sauti haitoki."

"Ulikuwa unaniogopa?"

"Siyo wewe. Nilikuwa naogopa kwamba ningeweza kukaa vile milele, na wewe usingechoka."

Mvua ilianza tena hapo. Kila mtu akatazama juu, lakini kwa kuwa mambo ya mikono hayana maneno, mwanangu akainuka akasema turekodi. Nikakunja. Nguo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mikono inajua kazi yake hata kichwa kikiwa mbali. Alikuwa anasogea na kamera, anasogea, nami namwona kwa tundu la turubai, amejikaza, hatetemeki.

Nimerudi nyumbani nimekaa na maneno yale. Kweli nisingechoka. Ningemlisha mpaka nife, na ningemshukuru Mungu kwamba yupo chumbani namwona. Sikujua kwamba jambo hilo lina upande mwingine, kama nguo inavyokuwa na ndani.

Hakunikosea heshima. Ameniambia, basi. Kesho nitakwenda tena kukunja.

Tarehe 10 Aprili

Nimekunja.

Tarehe 22 Aprili

Nesi amepata uhamisho, anaondoka wiki hii. Zimebaki sehemu zake mbili. Alimwambia mwanangu kwa simu, kwa haraka, gari la watu linamsubiri. Nimekasirika sana. Nilimfanya mwanangu, nikamwekea nyama kubwa kila siku. Ndiye aliyekuwa na adabu kuliko wote! Nimeandika hapa kama alivyonifundisha, na bado natafuna.

Tarehe 24 Aprili

Nayafuta niliyoandika juzi. Amekuja leo asubuhi na sanduku lake kichwani, amelowa, gari lake linaondoka saa nne. Akavaa gauni, akarekodi zote mbili bila kurudia hata moja. Ya mwisho ni ile anayochukuliwa: taa inageuka kijani, na pale alipokuwa ameketi linabaki gauni limekunjwa. Alipomaliza akanipigia goti. "Mama, endelea kuandika." Nilimkumbatia na majivu yangu yote, tukachafuka wawili.

Waliobaki ndani ni Mwalimu na Kinyozi. Dereva alishachukuliwa wiki iliyopita, akakoroma hata wakati wa kutoweka.

Tarehe 3 Mei

Mvua imepungua. Watu wote mtaani wanafurahi isipokuwa sisi.

Tarehe 6 Mei

Mwalimu amechukuliwa leo. Ameuacha mwavuli wake ghalani kwa ajili ya filamu, na kurudi nyumbani amelowa kwa manyunyu, ana furaha kama mtoto.

Tarehe 8 Mei

Hakuna mvua. Mwenye ghala amepita, ametazama paa, ametazama anga, ameondoka.

Tarehe 12 Mei

Nisamehewe mwandiko wa leo.

Ilibaki sehemu moja tu, ya mwisho kabisa, na bila hiyo filamu haina mwisho. Kinyozi amebaki peke yake. Kitu kinaingia, kinamvisha shati safi, kinafunga vifungo mpaka shingoni, kinakwenda mlangoni na kuufunga. Mlango ufungwe na mikono hiyo hiyo, kwa upole. Mwanangu alitaka mchana mzima wa kuirekodi.

Asubuhi mwenye ghala akaja na wapagazi sita. Mashamba ya juu yamevuna mapema, lori la kwanza liko njiani. "Binti, tulikubaliana. Gunia likifika, nyie nje."

"Mzee, nipe leo tu."

"Maharage hayajui leo tu. Yakinyeshewa utanilipa wewe?"

Nikaona uso wa mwanangu unaanza kuzimika, kuanzia machoni. Naujua unavyozimika. Nikamshika yule mzee mkono, nikamwambia, "Kaka yangu, lori limefika?"

"Bado."

"Basi gunia halijafika. Kaa hapa, chai hii." Nikamwekea kiti nje, nikawawekea na wapagazi. Nikamimina vikombe mpaka juu, vya moto wa kuunguza, visinyweke upesi.

Fundi akampigia simu Dereva, maana lori la kwanza nani analiendesha? Yeye! Tulimsikia Dereva kwenye simu, yule mtu mpole ambaye hajawahi kusema uongo, akisema kwa sauti kubwa ili utingo wake asikie, "Eh! Injini imepata moto! Lazima ipumzike!" Hapo ameshafika kona ya kwetu. Tunaliona lori. Mwenye ghala naye analiona. Dereva amefungua boneti, ameinamia ndani, anapepea kwa kofia.

Nikaingia kwenye turubai.

Kinyozi alikuwa amelala sakafuni, kifua wazi. Taa ikawa kijani. Mwanangu akaniambia kwa ufupi, "Usiseme kitu. Vifungo, mlango, basi. Hatuna nafasi ya kurudia." Kukawa kimya, bati halina hata tone.

Nikampandisha shati mabegani. Kifungo cha kwanza. Kifungo cha pili. Nikasikia kifua chake kinatikisika chini ya vidole vyangu. Nikafikiri anacheka, mtu huyu atatuharibia. Nikatazama kwa tundu langu. Hakuwa anacheka. Macho amefumba kama alivyoagizwa, na machozi yanateremka kuelekea masikioni. Baadaye aliniambia mama yake alifariki yeye akiwa mchanga, hana kumbukumbu ya kufungiwa kifungo cha shati na mtu.

Mdomo wangu ukasema wenyewe. "Pole, mwanangu. Pole."

Nilipojisikia, damu ilinikauka. Nimeharibu. Mara ya pili, mimi huyu huyu. Lakini hakuna aliyesema kata, na mimi nilishajiapiza kwamba itaisha, basi nikaendelea. Nikafunga cha shingoni. Nikamlaza nywele. Nikainuka, magoti yakalia, nikaenda mlangoni. Kwenye upenyo nikaliona jua, mwenye ghala amesimama na kikombe, na lori linakuja. Nikaufunga mlango taratibu, kwa mikono miwili, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mtoto aliyelala.

Giza.

Kisha sauti ya mwanangu, ndogo: "Kata."

Nikavua turubai nikaanza kuomba radhi. Nikasema, mwanangu, imenitoka, ni mazoea, mtu akilia mbele yangu... Alikuwa ameketi sakafuni anairudia kwenye kioo kidogo cha kamera. Sauti yangu ikatoka humo. Pole, mwanangu. Pole. Lo! Hata mimi niliyesema nilirudi nyuma hatua moja.

"Ndilo neno pekee ambalo hicho kitu kinasema," akasema mwanangu. "Filamu nzima. Neno moja." Akanitazama. "Imeisha, Mama."

Nje mwenye ghala akagonga. Kinyozi akaenda kumfungulia, shati limefungwa mpaka shingoni, na gunia la kwanza likaingia.

Tarehe 13 Mei

Nimelala mpaka jua kali. Mwanangu ndiye aliyepika chai. Ilikuwa na majani mengi mno. Nimekunywa yote.

Tarehe 29 Mei

Anaiunganisha kwenye kompyuta chumbani. Mlango anaufunga. Nasikia vipande vipande, Nesi analia, Mwalimu anahesabu. Nataka kuingia kumwangalia kama amekula. Naweka sahani nje, nagonga mara moja, naondoka. Sahani inarudi tupu. Kuna siku hairudi kabisa na nazunguka uani kama kuku, lakini siingii.

Tarehe 20 Juni

Leo tumeitazama, kwenye kibanda cha Kinyozi. Shuka jeupe ukutani, viti vya kunyolea vimesogezwa, watu wamejaa mpaka dirishani. Mwalimu alikuja na suti. Dereva alikaa mbele na hakulala. Wifi yangu alisema amekuja kwa sababu ya kaka yake tu, akakaa karibu na mimi, akakunja mikono.

Mwanzoni walicheka, kila aliyemtambua jirani yake alimwita jina. Waliofungiwa walipozinduka na nguo safi, watazamaji wakanyamaza. Mikono ilipotokea, wifi akanikamata paja. Hakujua ni mikono ya nani, na mimi sikumwambia. Lilipofika lile neno la mwisho na mlango ukafungwa, mtu mmoja nyuma alisema "Mungu wangu."

Taa zikawashwa. Mwanangu alikuwa amesimama pembeni, hatazami shuka, anatazama nyuso za watu.

Wifi akainuka kwa haraka kutaka kutoka, na kwa kuruka kwake kote kifungo cha nyuma cha gauni lake kilikuwa kimefunguka. Nikanyoosha mkono nikifunge, kama mtu yeyote angefanya. Vidole vyangu vikamgusa shingoni. Akageuka, akaitazama mikono yangu, akaitazama tena, na nikaona anaitambua.

"Wifi," akasema, "ni wewe?"

Nikamwambia, "Pole, wifi. Pole."

Alipiga ukelele wa kusikika mpaka ghalani, akakanyaga watu, akatoka na kifungo wazi. Mwanangu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, mpaka akakaa chini, na kila akinyanyuka ananiona anaanguka tena.